Tuache kusingizia kukosa kalamu

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania aliyepita shuleni anaijua: "Wazee wetu hawakuwa na maandishi, ndiyo maana historia yetu imepotea." Utaisikia kwenye semina. Utaisikia kijiweni. Hapa Songea utaisikia zaidi mwezi wa pili, tunapowakumbuka mashujaa wa Majimaji. Mtu anaisema kwa sauti ya huzuni, wenzake wanatikisa vichwa, soda zinagawiwa na mjadala unakwisha.

Leo nataka kubishana na sentensi hiyo. Mimi ni mwandishi wa habari, kalamu ndiyo jembe langu, kwa hiyo sina sababu ya kuisema vibaya. Lakini ukweli ni ukweli. Na shahidi wangu namleta kutoka mbali kidogo: kwa Baniani.

Ndiyo, Baniani yule yule wa methali. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Baniani ndilo jina ambalo watu wa pwani walimwita mfanyabiashara Mhindu aliyevuka bahari kutoka Kutch na Gujarat. Huyu si mgeni wa jana. Katika karne ya 19, enzi za Sayyid Said, ushuru wa forodha pale Zanzibar ulikuwa mikononi mwa Baniani aliyeitwa Jairam Shivji. Na hapa nikumbushe kitu ambacho wengi tunakichanganya: Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe Muislamu, Singasinga au Mkatoliki wa Goa. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Si kila Mhindi ni Mhindu.

Kiatu cha Baniani tumekichukua bila wasiwasi. Ukitaja bei ya pikipiki sokoni unasema "laki kadhaa", na hiyo laki ni neno la Kisanskriti lililopita kwenye Kihindi mpaka likafika kwetu. Sukari na pilipili nazo, ingawa zilipitia kwa Waajemi na Waarabu, mzizi wake ni huko huko. Tunakula chapati. Lakini kitabu chake? Tumeishi naye miaka mia mbili na zaidi, tumepita mbele ya mahekalu ya mtaa wa Kisutu jijini Dar mara ngapi sijui, na bado wengi wetu hatuwezi kutaja jina la andiko lake moja. Hata neno "kitabu" lenyewe, kama utakavyoona, si sahihi sana.

Maandiko matakatifu ya kale kuliko yote ya Uhindu yanaitwa Veda. Neno hilo maana yake ni ujuzi, au elimu. Yako manne: Rigveda, Samaveda, Yajurveda na Atharvaveda. Kongwe zaidi ni Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo takatifu 1,028 zilizogawanywa katika mafungu 10, zenye beti zaidi ya 10,000, zote kwa Kisanskriti cha kale. Wataalamu wengi wanakadiria zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, katika maeneo ya Punjab ambayo leo yamegawanywa kati ya Pakistani na India. Kwa lugha rahisi: nyimbo hizi zina umri wa miaka 3,000 na ushee.

Usidhani humo ndani ni amri na vitisho tu. Wimbo wa kwanza kabisa unamsifu Agni, yaani moto, ule unaowaka jikoni na kwenye sadaka. Kuna nyimbo za mapambazuko. Kuna mmoja wa mcheza kamari anayelia kwamba kete zimemfukuzisha na mkewe, na wewe na mimi tunamjua jamaa wa namna hiyo, siku hizi anabeti mpira kwenye simu. Kuna wimbo maarufu unaouliza ulimwengu ulitoka wapi, na badala ya kumaliza kwa jibu unamaliza kwa shaka, kwamba huenda hata aliye juu kabisa hajui. Miaka 3,000 iliyopita mtu aliruhusiwa kuuliza hivyo ndani ya andiko takatifu!

Halafu kuna wimbo wa vyura. Huu naupenda kuliko yote. Mvua za kwanza zinanyesha, vyura wanaanza kuitana, na mtunzi anasema mmoja analia na mwingine anarudia kama mwanafunzi anavyorudia maneno ya mwalimu wake. Aliyewahi kulala kijijini huku Ruvuma mvua zinapoanza anajua sauti hiyo.

Shika picha hiyo ya mwanafunzi anayerudia kwa mwalimu, maana ndiyo kiini cha hoja yangu.

Nyimbo hizi zilipotungwa, hazikuandikwa. Maandishi ya kale kabisa India yanayosomeka na kujulikana tarehe zake vizuri ni yale ya mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Hesabu mwenyewe. Rigveda ilikuwa tayari na umri wa mamia kwa mamia ya miaka, inatembea midomoni tu. Na maandishi yalipofika, wenye Veda hawakuyakimbilia. Waliamini kwamba neno takatifu ni sauti, na sauti hujifunzwa kwa sikio. Ndiyo maana Veda huitwa "shruti", yaani kilichosikiwa. Miswada 30 ya Rigveda iliyohifadhiwa katika jiji la Pune, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2007 kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia, mkongwe wake una tarehe ya mwaka 1464. Kabla ya hapo na hata baada ya hapo, kabati kuu la Veda lilikuwa kichwa cha binadamu.

Sasa utaniuliza: kichwa gani hicho kisichosahau? Si tunajua mchezo ule wa watoto, unamnong'oneza wa kwanza "kuku kala mtama", wa kumi anasema "kaka kalala mtaani"? Swali zuri. Jibu ni kwamba wale watu hawakutegemea bahati. Walijenga mtambo.

Ngoja nikuonyeshe kwa Kiswahili. Chukua maneno matatu: mahindi, yetu, yameiva. Kwanza mwanafunzi anajifunza mstari mzima kama ulivyo. Pili anajifunza neno moja moja, likiwa limetenganishwa na jirani yake. Tatu anaunganisha mawili mawili: mahindi yetu, yetu yameiva. Nne anasuka kama msusi wa nywele, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele tena: mahindi yetu, yetu mahindi, mahindi yetu, yetu yameiva, yameiva yetu, yetu yameiva. Halafu kuna daraja la juu zaidi: mahindi yetu, yetu mahindi, mahindi yetu yameiva, yameiva yetu mahindi, mahindi yetu yameiva. Anafanya hivyo kwa maelfu ya mistari. Jaribu kuingiza kosa hapo! Ukibadilisha neno moja, litagongana na jirani zake upande wa kushoto na wa kulia, na wanafunzi wenzako watakusikia.

Si maneno tu. Kila silabi ina kiwango chake cha sauti, juu, chini au kushuka. Kule Kerala, kusini mwa India, mwalimu hushika kichwa cha mtoto kwa mkono wake na kukiinamisha au kukiinua kulingana na sauti, mpaka mwili wenyewe ukumbuke. Kazi hii huanza utotoni na huchukua miaka. Na kutokana na uchungu wa kulinda matamshi, watu hao walizaa sayansi ya lugha. Panini, aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, alitunga sarufi ya Kisanskriti yenye kanuni karibu 4,000, fupi fupi ili zikaririwe nazo, na wanaisimu wa leo bado wanaivulia kofia.

Kwa hiyo kalamu haikuwepo, na nyimbo hazikupotea. Hiyo ni nusu ya kwanza ya hoja.

Nusu ya pili inauma zaidi. Kati ya mwaka 1849 na 1874, Max Müller, msomi Mjerumani aliyefanya kazi Oxford, alichapisha Rigveda nzima katika majuzuu sita. Karatasi safi, herufi safi, maktaba kubwa duniani zote zikapata nakala. Ungedhani Veda sasa imeokoka moja kwa moja. Lakini mwaka 2003, UNESCO ilipotangaza usomaji wa Veda kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, ilieleza kwamba kati ya matawi zaidi ya 1,000 ya usomaji huo, yaliyobaki hai ni 13 tu. Mengi ya hayo yalikufa kabla hata mitambo ya chapa haijafika India, lakini hata miongoni mwa 13 yaliyobaki, UNESCO ilisema yako yaliyo hatarini. Maandiko yapo, vitabu vipo, ila vijana wameona bora wakasomee uhandisi na kompyuta, na huwezi kuwalaumu sana. Maneno yamebaki kwenye karatasi, ila sauti zinazidi kupungua.

Umeona? Kitu kiliishi bila kalamu, na kinadhoofika kikiwa na kalamu, chapa na intaneti. Basi anayeokoa si kalamu. Anayeokoa ni mwanafunzi anayekaa chini kujifunza, na jamii inayoona kukaa kwake kuna maana.

Tuje nyumbani.

Wangoni wa hapa ni wajukuu wa safari ndefu iliyoanzia Afrika Kusini. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakati vita vya enzi za Shaka vimewasukuma watu kaskazini. Walikuja na lugha yao, ndugu ya Kizulu, wakaja na nyimbo za vita na sifa za watawala wao. Njiani wakateka na kupokea watu wa makabila mengi. Wanawake waliolea watoto walikuwa mara nyingi wa lugha nyingine, na mtoto huzungumza lugha ya anayemlea. Kingoni cha leo ni lugha ya huku huku, ndugu wa lugha za jirani, na Mzulu akija Songea itabidi mtafute mkalimani.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1904, Cassian Spiss, askofu Mbenediktini wa huku kwetu, alichapisha kwa Kijerumani kazi ndefu juu ya Kingoni na Kisutu, yaani lugha ya Wangoni wenyewe na ile ya watu waliowatawala. Mwaka uliofuata, vita vya Majimaji vilipolipuka, aliuawa kwa mikuki akiwa safarini kuelekea Peramiho. Kazi yake imebaki maktabani. Kwa hiyo kwenye lugha ile kalamu ilikuwepo! Sarufi iliandikwa, maneno yakaorodheshwa. Je, lugha ilipona? Haikupona. Ilikuwa na kitabu, haikuwa na mwanafunzi.

Ndiyo maana sentensi ile ya "hawakuandika" inanikera. Inatupa raha. Inahamisha kosa kwa marehemu, inatufanya sisi tulio hai tuonekane warithi wenye bahati mbaya, kumbe ni wanafunzi watoro. Lizombe tunaipigia makofi mgeni rasmi anapokuja, lakini wangapi kati yetu vijana tunaweza kuimba wimbo wake mmoja mwanzo hadi mwisho na kueleza maana yake?

Na usiniambie kwamba Mwafrika hana kumbukumbu ya namna hiyo. Ushahidi uko Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, aliuawa na Wajerumani mwaka 1906, na familia yake haikuacha kusimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Simulizi hiyo ilitembea mdomo kwa mdomo zaidi ya miaka mia moja. Tarehe 1 Novemba 2023, rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapa Songea mbele ya wajukuu hao akaomba msamaha, na akaahidi msaada katika kukitafuta kichwa hicho. Rais mzima wa taifa kubwa aliletwa na kitu gani? Kwa sehemu kubwa, na midomo ya familia iliyokataa kusahau.

Ushahidi mwingine unauona kila siku ila hujauhesabu. Nenda madrasa, utakuta mtoto anayeihifadhi Kurani juzuu kwa juzuu, anarudia mbele ya mwalimu, akikosea anasahihishwa. Jina lenyewe Kurani lina maana ya kisomo, kinachosomwa kwa sauti. Nenda Peramiho, ambako Wabenediktini wamekuwepo tangu mwaka 1898, utawasikia watawa wakiimba zaburi kwa saa maalumu, kila siku, wawe na homa au wasiwe nayo. Nyimbo za Waebrania wa kale zinaimbwa kando ya mashamba ya mahindi ya Ruvuma. Tunajua kukariri. Tunajua kurudia. Tatizo ni kwamba tumekubali kufanya hivyo kwa urithi wa watu wengine, na si vibaya hata kidogo, ila wa kwetu tumeuachia bahati.

Kuna atakayesema: "Wewe bwana, wale walikuwa na tabaka zima la makuhani ambalo kazi yake ilikuwa hiyo. Sisi tunahangaika na bei ya mbolea." Hoja hiyo ina uzito, na lazima tuseme ukweli wote kuhusu mtambo ule. Ulikuwa na ukatili ndani yake. Kwa karne nyingi Veda ilikuwa mali ya wanaume wa matabaka ya juu. Wanawake walizuiliwa, na watu wa tabaka la Shudra walizuiliwa hata kusikia, na vitabu vya kale vya sheria vikaweka adhabu za kutisha kwa anayesikiliza. Ajabu ni kwamba ndani ya Rigveda yenyewe kuna nyimbo ambazo mapokeo yanasema zilitungwa na wanawake, kama Ghosha na Apala. Yaani bibi alitunga wimbo, mjukuu wake wa kike akakatazwa kuukariri.

Wahindu wenyewe walilipigania hilo. Mwaka 1875 mjini Bombay, Dayananda Saraswati alianzisha jumuiya ya Arya Samaj, akisisitiza kwamba Veda ni ya watu wote, wanawake kwa wanaume, bila kujali tabaka. Jumuiya hiyo ilifika Nairobi mwaka 1903, ikaja mpaka Dar es Salaam, na kule Nairobi ikafungua shule ya wasichana. Kwa hiyo funzo linakuja na onyo lake: ukiufunga urithi ndani ya chumba cha wachache, unaulinda na unauua kwa wakati mmoja, kwa sababu siku wachache hao wakipata kazi bora zaidi, hakuna mwingine anayeujua. Sisi tusiige kufuli. Tuige darasa.

Mwingine atasema: "Tuna simu. Tutawarekodi wazee, yaishe." Rekodini, tafadhali, tena leo, kwa sababu wazee hawasubiri. Lakini faili la sauti ambalo hakuna anayelisikiliza halina tofauti na kitabu cha Spiss cha mwaka 1904. Simu huhifadhi sauti ya babu. Haihifadhi uwezo wa kuimba kama babu. Huo unahama kutoka koo hadi koo, na lazima koo la pili liwe tayari.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinawezekana Songea hii hii. Shule moja, wimbo mmoja, mzee mmoja. Mzee huyo alipwe kama mwalimu, si apewe kanga na kofia kisha apigwe picha. Watoto kumi, wasichana na wavulana, waujifunze wimbo huo mpaka kila mmoja aweze kumsahihisha mwenzake bila karatasi, wajue na maana yake. Mwaka unaofuata hao kumi wawafundishe wengine kumi. Na siku ya kumbukumbu pale Mahenge, badala ya hotuba ya tano, asimame mtoto wa darasa la sita aimbe kile ambacho nyanya yake mkuu aliimba, bila kubabaika.

Tukishindwa hilo, basi tuwe wakweli tuseme hatutaki. Ni haki yetu kutotaka. Kuna mambo mengi ya kufanya duniani. Ila tusimsingizie marehemu kwamba alitunyima kalamu, wakati Baniani, jirani yetu wa miaka mingi, alipita na nyimbo 1,028 kichwani bila hata kipande cha karatasi.

Nawaachia swali, na kila mmoja ajijibu kimya kimya: wewe unayesoma hapa, ni wimbo gani wa bibi yako unaweza kuuimba mpaka mwisho?